Historia ya bahari ya ukutani, na chumba kilicho nyuma yake

Leo naweka kando misimbo na seva nizungumzie maji ya chumvi. Msinicheke, mtaona yanahusiana.

Chanzo ni mzee mmoja anayejenga nyumba huku kwetu Kakamega. Anataka ukuta wa sebule uwe na kioo cha mita tatu, na nyuma ya kioo kuwe na matumbawe hai na samaki wa Bahari ya Hindi. Vichujio, pampu na mabomba yote yakae kwenye chumba kingine nyuma ya ukuta, mgeni asione hata waya. Mimi nimeitwa kwa ajili ya programu tu: taa ziwake polepole kama alfajiri, pampu zijizime maji yakizidi, simu ipate ujumbe joto likipanda. Nilipoangalia ramani ya nyumba nikakuta kioo kimepewa mita tatu, na chumba cha nyuma kimepewa nafasi ya kabati la mifagio. Matofali bado hayajafika kwenye linta, kwa hiyo ukuta unaweza kubadilishwa. Nikaona kabla ya kubishana na mzee nisome kwanza jambo hili lilianzia wapi. Nilichokuta ni kwamba karibu kila aliyefaulu kuweka bahari ndani ya nyumba alifaulu kwa sababu ya kile kilichofichwa nyuma, na aliyeshindwa alishindwa huko huko. Kioo ni kiolesura tu.

Matumbawe ukutani, kwanza, si jambo geni kwetu Afrika Mashariki. Nenda Lamu, au tembea kwenye magofu ya Gedi karibu na Malindi: kuta unazoziona ni matumbawe. Mafundi wa pwani walikuwa na mawe ya aina mbili, yale magumu ya miamba ya kale ya nchi kavu, na yale laini yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi. Haya ya pili huchongeka kwa urahisi yakiwa na maji, kisha hukauka yakawa magumu, ndiyo maana mihrabu na nakshi zilichongwa kwayo. Ndani ya nyumba kubwa za Lamu kulikuwa na zidaka, yaani safu za vishubaka vya ukutani, ambamo watu waliweka vyombo vya kauri vya kutoka ng'ambo. Ukuta ukapakwa chokaa, nayo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Ikumbukeni hiyo chokaa, tutakutana nayo tena Ujerumani.

Lakini matumbawe ya Lamu yalikuwa yamekufa. Kuyaweka ukutani yakiwa hai kulichukua watu karibu miaka 140 ya kujaribu, na sababu ni hii. Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, unaotumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Kwa hiyo anahitaji mwanga mkali, maji safi kupita kiasi na mkondo usiosimama. Baharini vyote ni bure. Ndani ya kioo, samaki akila anatoa amonia, na amonia haina pa kwenda. Mkondo ukisimama, hewa inaisha. Ni mashine inayotaka kuwa hewani saa 24 kwa siku 365, na ikizima hakuna kuiwasha upya, kwa sababu waliomo wameshakufa.

Haya, turudi nyuma. Mwaka 1832 Mfaransa Jeanne Villepreux-Power, aliyekuwa akiishi Messina huko Sicily, alitengeneza matangi ya kioo ili amchunguze argonauta, kiumbe wa jamii ya pweza. Alitaka kujua kama kombe lake analitengeneza mwenyewe au anamwibia mwingine. Akathibitisha kwamba analitengeneza mwenyewe. Alikuwa na bahari mlangoni, kwa hiyo shida ya maji hakuijua sana.

Shida hiyo aliijua Anna Thynne. Mwaka 1846 mama huyu alichukua matumbawe madogo ya maji baridi kutoka Torquay, kusini mwa Uingereza, akayapeleka London ambako hakuna bahari. Wangefia kwenye maji yaliyosimama, basi akaamuru maji yamiminwe kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, zaidi ya nusu saa kila siku, ili yapate hewa. Nani aliyamimina? Mtumishi wa nyumbani! Baadaye Thynne akaongeza mwani baharini ili usaidie kutoa hewa, na viumbe wake wakaishi miaka. Vitabu humsifu yeye, na anastahili, lakini nijuavyo mimi pampu ya kwanza ya matumbawe mjini London ilikuwa mikono ya yule dada wa kazi.

Wakati huo huo kioo kilikuwa kimeanza kushuka bei, kwani Uingereza ilifuta kodi ya vioo mwaka 1845. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington akaeleza jaribio lake: samaki wa dhahabu, mimea ya majini na konokono ndani ya chombo kimoja, kila mmoja akimtegemea mwenzake. Mmea unatoa oksijeni, samaki anatoa hewa chafu inayolisha mmea, konokono anakula kilichooza. Wakaiita mizani. Mei 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akachapisha kitabu chake The Aquarium. Jina likashika, na wazimu ukaanza. Kila sebule ya mwenye uwezo ikataka bahari.

Wengi wa matangi hayo yalinuka ndani ya wiki chache. Mizani ya Warington ni kweli, ila ni kweli kwa samaki wachache kwenye maji mengi. Wale wenzangu wa programu wanaijua hali hii: mfumo unakimbia vizuri kwenye kompyuta yako ukiwa na mtumiaji mmoja, halafu unauweka hadharani. Na walipokufa viumbe wa kwanza, watu walirudi ufukweni kuchukua wengine. Mwanawe Gosse, Edmund, aliandika mwaka 1907 kwa uchungu jinsi vidimbwi vya mawe alivyovijua utotoni vilivyoporwa na wakusanyaji waliochochewa na vitabu vya baba yake. Nalitaja hili mapema kwa sababu litarudi, tena litarudi pwani yetu.

Sasa tufike kwa mtu ninayempenda kuliko wote katika hadithi hii. William Alford Lloyd hakuwa mwanasayansi wa chuo. Alikuwa mfunga vitabu asiye na pesa, akaingia wazimu wa samaki, akafungua duka la matangi London, akafilisika. Baadaye akapata kazi katika akwariamu ya Hamburg iliyofunguliwa mwaka 1864, na mwaka 1871 akasimamia ile ya Crystal Palace huko Sydenham, London. Wageni walipita ukumbini wakitazama vioo vilivyopangwa ukutani. Chini ya miguu yao kulikuwa na hodhi kubwa lenye giza, lenye maji mengi mara kadhaa kuliko matangi yote ya maonyesho yakijumlishwa. Pampu za mvuke zilivuta maji kutoka hodhini usiku na mchana, zikayapandisha kwenye matangi, yakamwagika kutoka tangi hadi tangi yakibeba hewa, yakarudi gizani. Lloyd hakutaka chuma wala shaba iguse maji ya bahari, kwa sababu madini hayo huua viumbe wasio na uti wa mgongo, kwa hiyo alitumia mpira mgumu. Maji yenyewe hakuyabadilisha hovyo. Alisisitiza kwamba maji ya zamani yanayozungushwa ni bora kuliko maji mapya.

Hebu msome tena huyo bwana. Kioo ukutani, maji mengi zaidi yamefichwa, pampu isiyolala, mabomba yasiyo ya chuma. Hicho ndicho chumba cha vichujio anachokitaka mzee wangu, kimechorwa mwaka 1871, na tangu siku hiyo muundo haujabadilika sana. Kilichobadilika ni kuelewa kwa nini unafanya kazi. Lloyd alidhani siri ni hewa na giza. Mwaka 1877 Wafaransa Schloesing na Müntz walionyesha kwamba kuna viumbe hai wanaogeuza amonia kuwa nitreti, na karibu na mwaka 1890 Sergei Winogradsky akafanikiwa kuwatenga bakteria hao. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitreti ambayo haina ukali mkubwa. Wanaishi wamejibandika kwenye kuta, mawe na mabomba, mahali popote maji yenye hewa yanapopita. Kumbe hodhi la Lloyd lilikuwa shamba la bakteria! Wageni walilipa kuona samaki, na kazi yote ilikuwa ikifanywa chini ya sakafu na wafanyakazi ambao hata mwajiri wao hakujua kuwa wapo.

Samaki waliishi basi. Matumbawe ya tropiki bado yalikufa, na hali ikaendelea hivyo kwa miongo mingi. Mnamo 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, aliandika katika jarida la Marekani kwamba yeye anafuga matumbawe nyumbani kwa mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe wake, mwanga wa jua, maji ya bahari na vipovu vya hewa. Basi! Ulaya na Marekani wengi walijaribu wakashindwa, na nadhani ni rahisi kuona sababu. Mawe ya Lee yalitoka karibu, yalifika yakiwa hai. Mawe ya kusafirishwa kwa siku kadhaa hufika yakiwa yameoza nusu. Chumba cha nyuma cha Lee kilikuwa Bahari ya Java.

Wajerumani hawakuwa na bahari ya namna hiyo, ikawabidi waijenge. Walitengeneza kifaa ambacho nitakiita kichuja povu: hewa inasukumwa kwa vipovu vidogo sana ndani ya mrija wenye maji ya chumvi, uchafu wa protini unanata kwenye vipovu, povu linapanda na kumwagwa. Mnaowahi kuona povu la rangi ya chai ufukweni Mombasa siku ya upepo mmeona kanuni hiyo hiyo. Kichuja povu hutoa uchafu kabla haujageuka amonia, kwa hiyo kazi ya bakteria inapungua. Ukikiunganisha na mawe hai na taa kali, unapata kile kilichokuja kuitwa mtindo wa Berlin.

Na chokaa? Mifupa ya tumbawe ni kalisi. Likikua, linaimaliza kalisi iliyo kwenye maji. Peter Wilkens, aliyechapisha kitabu chake juu ya viumbe hawa mwaka 1973, alieneza njia ya kurudisha kalisi kwa kudondosha maji ya chokaa ndani ya tangi, tone kwa tone, kufidia maji yaliyopotea kwa mvuke. Ni chokaa ile ile kikemia ambayo wazee wa Lamu waliipata kwa kuchoma matumbawe na kuyazimua kwa maji. Pwani tulichoma matumbawe tukapata chokaa ya kujengea ukuta, Ujerumani wakayeyusha chokaa wakapata matumbawe ya kuweka ndani ya ukuta. Nilipoligundua hili nilisimama kwenye kiti nikacheka peke yangu. (Tahadhari: chokaa ya gunia ya duka la vifaa vya ujenzi ina uchafu mwingi, usiitie kwenye tangi. Inayotumika ni safi, gramu moja na nusu hivi kwa lita, na ni kali, inachoma macho na ngozi.)

Huko huko Berlin, Dietrich Stüber alifuga tumbawe la jamii ya Acropora likakua hadi ikabidi akate matawi. Akayagawa kwa marafiki, wao wakayakuza, wakakata, wakagawa tena. Vipande vya tumbawe hilo moja vilisambaa Ulaya hadi Marekani. Watu wa programu huria, mnaona? Chanzo kimoja, nakala maelfu, na kila mwenye nakala ni hifadhi ya dharura ya mwenzake. Kwa maoni yangu hilo ni jambo kubwa kuliko vifaa vyote, kwa maana kwa mara ya kwanza mtu aliweza kupata tumbawe bila kuligusa bahari.

Mwaka 1986 George Smit aliandika mfululizo wa makala uliowapelekea Wamarekani mtindo wa Kiholanzi: maji yanamwagika kutoka tangi la juu hadi jingine lililofichwa kabatini, yanapita kwenye kichujio cha matone, pampu inayarudisha juu. Hodhi la Lloyd likawa limeingia sebuleni. Mwaka 1989 jumba la bahari la Monaco, kwa kazi ya Jean Jaubert, likaweka mwamba hai wa matumbawe yaliyotoka Djibouti, jirani zetu hapo kaskazini. Kutoka hapo ni hatua ndogo: matangi yakakua, makabati yakajaa, kelele na mvuke vikaudhi wenye nyumba, na mitambo ikahamishiwa nyuma ya ukuta. Siku hizi kuna hata programu huria inayoitwa reef-pi, imeandikwa kwa lugha ya Go, inaendesha taa, pampu na vipima joto kwa kutumia Raspberry Pi. Hiyo ndiyo niliyopanga kuitumia.

Sasa Kakamega. Tuko zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa kwa barabara, na mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Umbali unamaanisha maji tutayatengeneza wenyewe. Tangi la mita 3 kwa sentimita 70 kwa sentimita 70 linabeba karibu lita 1,500, yaani zaidi ya tani moja na nusu juu ya sakafu, na linahitaji kilo 52 hivi za chumvi maalumu kwa kuanzia, kwa kuwa lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35. Chumvi ya jikoni haifai, haina magnesi na kalisi za kutosha. Ukibadilisha asilimia 10 kwa wiki, ni lita 150 na kilo 5 na zaidi za chumvi, kila wiki, maisha yote. Mapipa ya kuchanganyia hayo maji yatakaa wapi? Kwenye kabati la mifagio?

Mvua tunayo, Mungu ashukuriwe. Maji ya mabati yakipitishwa kwenye kichujio cha utando yanafaa. Joto pia halitusumbui kama Mombasa. Wao wanahangaika kupoza maji, sisi usiku ukiingia tunahitaji kuyapasha yabaki nyuzi 25 au 26.

Lililonishtua ni mwinuko. Huku juu shinikizo la hewa ni kama asilimia 84 ya lile la ufukweni, na oksijeni inayoyeyuka majini inapungua kwa kiasi hicho hicho. Maji ya bahari ya nyuzi 26 yanabeba miligramu 6.6 hivi za oksijeni kwa lita kule Mombasa, hapa ni 5.6. Samaki wa mwambani hajazaliwa kwa hewa hiyo. Pampu zikizima, Kakamega tunaanza na akiba ndogo zaidi, na sote tunajua radi za alasiri zinavyocheza na stima hapa. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, sehemu nyingine karibu siku nzima. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, ukitumia nusu yake, inaendesha pampu ya wati 40 kwa saa 15 hivi. Kwa hiyo ni betri mbili, zenye sola juu ya paa, kabla hatujanunua taa hata moja. Na pampu ya dharura isipitie kwenye programu yangu. Iunganishwe moja kwa moja na betri, iwake yenyewe stima ikikatika hata kama Raspberry Pi imeganda.

Nimemwandikia mzee kwamba chumba kiwe na mita mbili na nusu kwa mbili, sakafu yenye mteremko na tundu la kutolea maji, feni ya kutoa mvuke nje ili dari isioze, na mlango ambao mtu anapita akiwa na ndoo mbili mkononi. Kioo kikipungua hadi mita mbili hakuna neno. Amenijibu kwamba wageni hawatakaa chumba cha nyuma. Ni kweli, ila atakayekaa huko kila Jumamosi ni kijana wake wa kazi, ambaye hajaulizwa.

Limebaki moja, viumbe watatoka wapi. Pwani yetu inauza samaki wa mapambo nje kwa muda mrefu. Kuna samaki wa anemoni mwenye mistari miwili myeupe, Amphiprion allardi, aliyepewa jina la kisayansi na Klausewitz mwaka 1970 kutokana na samaki wa Kenya. Allard aliyeheshimiwa kwa jina hilo alikuwa mkusanyaji wa samaki wa biashara hiyo. Wavuvi wa Kilifi na Kwale hupiga mbizi na vyavu vidogo, samaki anapakiwa kwenye mfuko wa maji na oksijeni, anapanda ndege. Wao pia wako nyuma ya kioo, sebule za Ulaya haziwaoni.

Matumbawe ni habari nyingine. Hifadhi za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968 na humo hakuna kuchukua kitu. Matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, hayavuki mpaka bila kibali. Halafu mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe ya Kenya yakapauka na mengi yakafa, baadhi ya miamba ikapoteza zaidi ya nusu. Taasisi ya CORDIO, yenye ofisi Mombasa, ilizaliwa kutokana na msiba huo. Kukata tumbawe Shimoni lije kufia Kakamega kwa sababu betri iliisha, mimi sitashiriki. Samaki wa anemoni wanazalishwa kwenye matangi tangu mapema miaka ya 1970, na vipande vya matumbawe yaliyokuzwa kwenye matangi vinapatikana kwa vibali, kwa mtindo ule ule wa Stüber. Na kule Mkwiro, kisiwani Wasini, watu wa REEFolution na wanakijiji wanafunga vipande vya matumbawe kwenye fremu zilizozamishwa, wanavisafisha kwa mkono hadi vikue, kisha wanavirudisha mwambani.